Vyuo Viwili, Mdomo Mmoja

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, habari yenyewe ni fupi na haina sifa. Mdogo wangu alipata nafasi kwenye vyuo vikuu viwili, akatakiwa achague kimoja. Wakati anaomba, simu yake ilikuwa imekufa, akaandika namba yangu. Vyuo vikapiga kwangu.

Kutoka cha kwanza alipiga mwanamume mwenye sauti nzito, ya kutangazia misiba. Akataja jina la mdogo wangu, akauliza, "Ni wewe?" Mimi kumkosoa mtu nisiyemjua siwezi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nathibitisha kuichukua nafasi. Nikasema ndiyo.

Kesho yake akapiga mama mmoja wa chuo cha pili, mpole, ananiita mwanangu. Huyo sikuwa na namna ya kumnyima.

Ndivyo nilivyomwingiza mdogo wangu vyuo viwili kwa mpigo, mimi niliyeishia darasa la tano. Baadaye ujumbe ukaingia: anayethibitisha kote anafutwa kote, asipojiondoa kimoja kabla ofisi hazijafungwa Ijumaa. Kujiondoa ni kwa namba ileile ya simu, au mwombaji afike mwenyewe, au mzazi wake.

Wiki jana tuliachana nikiwa na ujumbe huo mkononi, nikitafuta pa kuanzia kumwambia. Nilimwambia kazini kwangu, kwa sababu pale nina kitu cha kushika.

Ninachoshika ni pasi. Nafanya kazi kwenye duka linalokodisha majoho ya mahafali. Kola nyekundu ni ya chuo cha mjini, kola ya buluu ni ya chuo cha ng'ambo, kile cha upande wa pili wa daraja. Nimeyapiga pasi mpaka najua watu hutokwa jasho wapi siku ya kufurahi. Ni chini ya kola, nyuma.

Mdogo wangu aliingia akitafuna karanga. Nyumbani tunamwita Wakili. Alipokuwa mtoto alimthibitishia Baba kwamba mtu akioga vizuri asubuhi, kuoga jioni ni kuyaonea maji. Baba akacheka, akashindwa la kujibu, jina likabaki.

"Wakili," nikasema, "kuna kitu nimefanya."

"Umeunguza joho."

"Afadhali ningeunguza."

Nikampa simu. Akasoma, akarudia kusoma. Mimi nikaendelea kupiga pasi mkono wa joho ambao ulikuwa umeshanyooka zamani.

"Umewaitikia wote wawili?"

"Walikuwa na adabu."

"Ukajifanya mimi."

"Waliuliza kama ni wewe. Nikaona nikisema hapana watanihoji."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Nikajikunja nisubiri matusi. Badala yake akashusha pumzi kama mtu aliyevua viatu vya kubana.

"Kwa hiyo bado nipo kote," akasema.

"Mpaka Ijumaa."

"Dada, tangu matokeo yatoke, hii ndiyo habari nzuri ya kwanza."

Hapo ndipo nilipojua tuna shida kubwa kuliko ile niliyoifanya mimi. Mdogo wangu hakuwa anachelewa kuchagua. Alikuwa hana cha kuchagulia.

Chuo cha mjini walimpa sheria. Ukiingia sheria siku ya kwanza umeingia, hakuna kuhama, unatokea mlango wa pili na koti jeusi. Chuo cha ng'ambo mwaka wa kwanza wanasoma vitu mchanganyiko, kila kitu kijiko kimoja, na mwaka wa pili ndipo mtu anasema anataka nini.

"Si uende huko ng'ambo basi," nikamwambia.

"Na Baba?"

Baba ni mlinzi wa geti la mahakama. Amewafungulia mawakili miaka mingi mpaka anawatambua kwa mlio wa viatu. Alishamwambia Hakimu, uso kwa uso, kwamba binti yake naye atapita geti lile. Hakimu alimpa mkono. Baba hakupenda kunawa siku ile.

"Nipe lile la kola nyekundu nilijaribu," Wakili akasema.

"Hairuhusiwi."

"Nani atajua?"

Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yetu. Kila mtu anamwita Mama Majoho, hata bili ya umeme huja kwa jina hilo. Nikadhani kazi imeishia hapo. Yeye akalichukua joho, akamvalisha Wakili mwenyewe, akamnyoosha kola.

"Simama. Usilegee, joho likilegea linafanana na pazia."

"Naonekanaje?" Wakili akaniuliza.

"Kama Baba ndani ya koti la mvua."

Akavaa la buluu. "Na hili?"

"Baba yuleyule, mvua nyingine."

Mama Majoho hakucheka. Akamzunguka mara moja kama anayenunua kabati. "Majoho hayana kiuno, binti. Yameshonwa yamwenee yeyote. Hili haliwezi kukwambia wewe ni nani. Unataka kuwa nani?"

"Sijui."

"Hujui kidogo, au hujui kabisa?"

"Kabisa."

"Hata ukilala huoti uko kazini?"

"Naota nimechelewa. Ila sijui nimechelewa wapi."

Mama Majoho akafikiri. "Nenda wanakokuruhusu usijue."

"Na Baba?"

"Baba yako ndiye anayekwenda kusoma?"

"Hapana."

"Haya basi. Vua, umelitia karanga."

Ni rahisi kuongea hivyo mtu ukiwa umeshamzika baba yako.

Kwetu habari nzito husemwa Baba akiwa anapiga viatu brashi. Hakuna aliyetunga utaratibu huo. Jioni huketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anaangalia kiatu, hakuangalii wewe, na kwa mtu kama mimi hiyo ni neema. Kiatu cha kushoto ni cha kusema. Cha kulia ni cha kujibiwa. Marehemu Mama ugonjwa wake aliusema hapo hapo, na Baba akajibu bila kuinua kichwa, na kiatu cha siku ile hakikung'aa.

Tulikubaliana Wakili ndiye atakayesema. Mimi ningeosha sufuria karibu, kumpa moyo.

Kiatu cha kushoto kikaanza. Wakili akakohoa. Kiatu kikaendelea. Wakili akaangalia dari. Mtu anayeweza kubishana na konda mpaka konda akaomba radhi, leo ulimi umekwenda likizo. Kiatu kikakaribia kisigino.

"Baba," nikasema mimi.

Brashi ikasimama. Sauti yangu nyumbani kwetu haisikiki ovyo, na Baba akadhani ninaumwa.

"Una nini, mama?"

"Wakili hataki chuo cha mjini."

"Sijasema sitaki," Wakili akasema.

"Anataka cha ng'ambo."

"Sijasema nataka."

"Sasa nani anataka nini?" Baba akauliza. "Maana nimebakiza kiatu kimoja."

Wakili akasogea. "Baba, mimi najua wewe unataka nisome sheria."

"Mimi?"

"Ulimwambia Hakimu."

"Nilimwambia kwa sababu unataka wewe. Tangu mdogo unabishana."

"Nilikuwa nabishana kwa sababu mlikuwa mnaniita Wakili."

Baba akakiangalia kiatu kama kimemjibu. "Kumbe miaka yote hii tumekuwa tunafurahishana."

Nilikuwa nimeisugua sufuria mpaka naona uso wangu, nikaigeuza.

"Haya, unataka nini hasa?" Baba akauliza, taratibu.

Wakili akaokota kifuniko cha dawa ya viatu, akakigeuzageuza.

"Basi taja hata kimoja usichokitaka. Tuanzie huko."

"Sitaki kuulizwa ninataka nini."

"Hicho hakina chuo," Baba akasema. Akachukua kiatu cha kulia, akakipiga brashi chote, mbele na nyuma. "Nenda ng'ambo. Ukajue huko. Hakimu ana kesi zake za kutosha, hatakosa usingizi."

Wakili akasema asante, akamsomea ule ujumbe wa kujiondoa. Baba akaitika kwa kichwa, akakiweka chini kiatu cha kulia, kisha akakichukua tena kile cha kushoto ambacho kilikuwa kimeshamalizika, akaanza upya.

Nililiona hilo. Nikadhani ni huzuni, na huzuni ya mzazi huwa naiachia nafasi. Sikujua kwamba mtu akirudia kiatu anapanga jambo.

Kesho yake tulipiga simu chuo cha mjini tuwaambie tunajiondoa. Simu yao inaita, haipokelewi. Tukapiga mpaka Mama Majoho akauliza kama simu ni ya duka. Ijumaa ikabidi twende kwa miguu yetu.

Baba alikuwa ameondoka mapema, kabla ya chai. Akasema kuna kazi getini.

Ofisi ya usajili ina dirisha moja la kioo, na kioo kina tundu la chini la kupitishia karatasi, kwa hiyo kila anayezungumza huinama kama anayesalimia wakwe. Foleni ilifika ngazini. Nilipoisikia sauti ya ndani nikaijua papo hapo. Ni yule karani wa sauti ya misiba. Nikajibanza nyuma ya mgongo wa mdogo wangu.

"Umejificha nini? Hajawahi kukuona," Wakili akanong'ona.

"Amenisikia."

Tulipokaribia dirisha, mbele yetu alikuwa mama mmoja na mtoto mgongoni, amekuja kusajiliwa. Karani akamrudishia karatasi zake kwenye tundu.

"Umechelewa. Usajili wa wenye watoto ulikuwa jana."

"Nimetoka mbali, baba. Jana basi liliharibika njiani."

"Basi si la chuo. Anayefuata."

Yule mama akaanza kukusanya karatasi. Anayefuata alikuwa Wakili. Akainama kwenye tundu.

"Samahani, hiyo habari ya jana imeandikwa wapi?"

"Ni utaratibu."

"Tangazo hapa ukutani linasema usajili ni mpaka Ijumaa kufunga ofisi. Halijasema mwenye mtoto na asiye na mtoto."

"Hilo ni la zamani."

"Lina tarehe ya Jumatatu hii. Na mhuri ni wa dirisha hili. Labda kuna dirisha lingine lenye mhuri kama wako."

Foleni ikaguna. Karani akasimama, akatoa kichwa kwa mlango wa pembeni, akalisoma lile tangazo kama anayetambulishwa ndugu asiyemtaka.

"Wewe ni nani yake?" akauliza.

"Si ndugu yangu. Nipo nyuma yake tu. Ukimrudisha yeye leo, na mimi utanirudisha kwa utaratibu ambao sijauona. Kwa hiyo yake ni yangu."

Mzee mmoja ngazini akasema, "Mwacheni aongee huyo." Karani akarudi kukaa. Akazipokea karatasi za yule mama. Tukasikia mhuri ukipiga, mmoja, wa pili.

Yule mama alipogeuka, macho yamelowa, akamshika Wakili mkono. "Asante, wakili wangu."

Hakuwa anajua kwamba ndilo jina lake la nyumbani. Alisema tu, kwa alichokiona.

Mdogo wangu akabaki amesimama, masikio yamemwiva.

"Dada, nimesikia kitu ndani."

"Ni njaa. Hatujala."

"Si njaa. Nadhani ninataka sheria."

"Usinidhanie hapa foleni."

"Sidhani. Ninataka." Alijishangaa mwenyewe. "Hakuna aliyeniambia nibishane. Nimebishana kwa ajili ya yule mama, na nilijua neno la mbele kabla sijamaliza la nyuma."

"Na ng'ambo?"

"Nilitaka ng'ambo nikatafute. Sasa nikatafute nini?"

Kabla sijatafuta la kumjibu, simu ikaita. Ni yule mama mpole, wa chuo cha ng'ambo.

"Mwanangu, naona umeitikia kote, na leo ndiyo mwisho. Unabaki kwetu au unaondoka?"

Nikaiondoa simu sikioni kama ina moto, nikampa mwenyewe. Mambo mawili niliyoyafanya kwa simu ile yalitosha.

Wakili akaishika kwa mikono miwili. "Naondoka, mama. Niondoe. Nimechagua sheria, mjini. Asante sana."

Sijawahi kumsikia mdogo wangu akijisemea jambo lake kwa kifupi hivyo, bila labda, bila sijui. Nilijisikia kama nimemwona akitembea kwa mara ya kwanza, na nilikuwepo hata ile ya kwanza.

"Haya mwanangu, usikate, nakuondoa hapa hapa," yule mama akasema. "Mtandao leo mzito."

Zamu yetu ikafika kwenye tundu.

"Nilikuja kujiondoa," Wakili akamwambia karani, simu bado mkononi. "Sijiondoi tena. Nabaki. Nataka uhakikishe nipo."

Karani akamtazama. Nadhani alikuwa ameshaanza kumheshimu, maana hakuuliza utaratibu. Akauliza jina, akaandika kwenye kompyuta, akaandika tena.

"Hupo," akasema.

"Nipo. Nimethibitishwa."

"Ulikuwepo. Umeondolewa leo asubuhi. Nilipofungua tu dirisha, mzazi alikuwa wa kwanza mlangoni."

"Mzazi gani?"

"Mwanamume mmoja, amevaa sare ya ulinzi, kofia ameishika mkononi. Nikamwambia aketi, akakataa." Karani akashusha ile sauti yake, ikawa kama ya mtu. "Alisema binti yake anaona haya kumwangusha, atakuja hapa dirishani abadilishe mawazo kwa ajili yake yeye baba. Akaona bora aufunge mlango yeye, ili usiwe na kazi ya kuufunga mwenyewe. Akashukuru sana."

Wakili akaushika ukingo wa dirisha kwa mkono usio na simu.

"Nirudishe," akasema.

"Nafasi imeshakwenda kwa aliyekuwa anasubiri. Nimempigia mwenyewe. Alilia."

Ndani ya ile simu, sauti ndogo ikasema, "Mwanangu, bado upo? Sasa imefunguka. Nimebakiza kubonyeza mara moja tu."

Mdogo wangu akafungua mdomo. Yule aliyemtoa karani nje ya chumba chake dakika chache nyuma alikuwa anaitazama simu kama haijui, midomo inacheza bila sauti. Kisha akanisukumia mimi.

Nikaiweka sikioni. Nyuma yangu foleni nzima imetulia inasikiliza. Shingo yangu ilikuwa imelowa, nyuma, chini ya kola.

"Hapana," nikasema.

Lilitoka dogo, lakini lilitoka.

"Hapana nini, mwanangu?"

"Usibonyeze, mama. Tunabaki kwenu. Nabaki."

Nilisikia feni ya ofisini kwake.

"Ngoja," akasema, na upole wote ukaondoka kwenye sauti. "Sauti hii naijua. Wewe ndiye uliyenithibitishia juzi."

"Ndiyo, mama."

"Basi yule aliyeniambia aondolewe sasa hivi ni nani? Maana si wewe. Mtu mwingine ameshika simu yako anakufutia chuo?"

Nikamtazama Wakili. Wakili akanitazama. Nikisema yule ndiye mwenye jina, kidole cha huyu mama kinashuka na ameshajiondoa kwa kauli yake mwenyewe. Nikisema mwenye jina ni mimi, nafasi inapona, na mdogo wangu anageuka mwizi wa simu yangu.

Upande wa pili wa kioo karani alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa ameinua kichwa polepole, amegeuza sikio kwenye lile tundu.

"Binti," akaniambia, kwa sauti ya misiba, "wewe wa nyuma. Hebu ongea tena."

"Nijibu, mwanangu," yule mama akasema sikioni mwangu. "Mkono wangu upo hapa hapa. Mwenye jina hili ni wewe, au ni yule?"